Pale Barabara Inapoishia, kwa Sasa

Siku yangu ya mwisho karakanani mlinikatia keki yenye umbo na rangi ya ile alama nyekundu ya kuwasimamisha madereva. Ujumbe niliupata. Kisha mkaniambia, Bi Halima, andika basi uliyoyaona, nasi tuliokuja juzi tujue kazi hii ilikotoka. Nimekaa mezani nikitafuta pa kuanzia, nikaona heri nisianze na mimi. Vyeo na mishahara sitavitaja: vya kwanza vilikuwa vichache na ya pili ilikuwa mifupi. Nitawasimulia barabara moja, maana katika miaka yote niliyotengeneza na kusimamisha alama za barabarani hapa Birmingham, hiyo ndiyo iliyonisumbua kama mtoto wa kwanza.

Namba yake siitaji. Imebadilika mno, na tena kila mmoja wenu ana shemeji ofisini. Mnaijua wenyewe, ni ile inayotoka mjini kuelekea mashariki mpaka Shard End, ambako mji unachoka na mashamba yanaanza kuchungulia.

Niliingia karakana ya Hockley miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga. Jirani yetu wa kulia alikuwa akitengeneza pete za arusi, wa kushoto akipaka nikeli mabomba ya bafu, na sisi hapo katikati tukiwaambia watu waende wapi. Mimi ni Msomali niliyelelewa Mombasa. Nilipita Uholanzi, nikafunga maua katika vibanda vya vioo hadi vidole vikanuka waridi hata nikipika samaki, kisha nikamfuata dada yangu huku. Kwenye usaili niliulizwa kama nina uzoefu wa alama za barabarani. Nikasema nimepotea katika nchi tatu, kwa hiyo thamani yake naijua. Wakanichukua.

Aliyenipokea alikuwa Fundi Gurdev, Kalasinga wa Nakuru, mwenye kilemba cha buluu na ndevu alizozifunga kwa wavu zisinase kwenye gundi. Aliondoka Kenya akiwa kijana, na Kiswahili alichoondoka nacho, cha gereji ya babake, alikuwa amekihifadhi vilevile, hakukiongeza wala kukipunguza. Aliposikia nimetoka Mombasa aliweka kikombe chini.

"Mombasa? Basi wewe nasikia mimi," akasema. "Hawa wengine mimi nasema, wao nasema pardon, pardon. Kuja hapa, dada. Shika hii."

Akanikabidhi kipanguzio cha mpira, kile kidogo cha kulazia karatasi inayong'aa juu ya bati la alumini. Mnavyofanya leo, mashine inachapa bodi nzima na ninyi mnakunywa kahawa. Wakati ule kila herufi tuliikata, tukaibandua mgongo, tukailaza kwa mkono. Ukiharakisha, hewa inabaki ndani, bodi inatoka na malengelenge, na dereva anayeisoma kwa taa za gari usiku anaona mji wenye tetekuwanga. Malengelenge yangu ya mwezi wa kwanza Fundi Gurdev aliyatoboa kwa sindano, moja moja, bila kunigombeza. Alikuwa akihema tu, na ile pumzi yake ilinifunza kuliko matusi.

Nje ya karakana alikuwa na sheria mbili, na alinifundisha siku ya kwanza niliyotoka naye, nikiwa nimevaa koti la kung'aa na kofia ngumu iliyokaa juu ya hijabu yangu kama sufuria juu ya mafiga mawili.

"Moja," akasema. "Bodi ya zamani hapana toka mpaka mpya nasimama. Mbili: karatasi hapana kuja, mkono iko mfukoni."

Ya kwanza ni kwa ajili ya dereva. Ukimwondolea bodi asubuhi ukapanga kuweka nyingine jioni, adhuhuri atakuwa ameshaingia bustanini mwa mtu. Ya pili ni kwa ajili yako. Ukiing'oa bodi bila amri ya maandishi na kesho magari yakagongana pale, mbele ya hakimu utasimama wewe, si mhandisi. Nimewaona mafundi wenye vyeti vya ukuta mzima wakijikwaa kwa kudharau sheria hizi za mtu wa gereji ya Nakuru.

Sasa, ile barabara. Kazi yangu ya kwanza juu yake ilikuwa kiraka. Ofisi ikibadili namba ya barabara, haibadili bodi, maana bodi ni ghali. Tunakata kibati chenye namba mpya na kukipigilia kwa ribiti, vile vijipini vya chuma, juu ya ile ya zamani. Nilipopanda ngazi niliona chini ya namba niliyotumwa kuifunika kuna kiraka kingine, na ukingoni mwa hicho kinachungulia kingine tena. Nikauliza kulikoni. Fundi Gurdev akasema kutoka chini, "Hii barabara iko na miguu. Wewe ngoja tu."

Sikungoja sana. Kwanza walikata kichwa. Barabara ilikuwa ikianzia kwenye raundabauti kubwa ya katikati ya mji, ile ambayo watu wa miguu walikuwa wakipita chini kwa chini kama fuko. Wakubwa wakagundua kwamba watu hupenda kuona jua, hata hili la Birmingham. Raundabauti ikabomolewa, na barabara yetu ikaamka siku moja ikiwa inaanzia mbali na mjini, kwenye barabara ya mzunguko. Tukazunguka na viraka vyetu kuwaarifu wananchi kwamba walichokuwa wakipita jana sicho wanachopita leo, ingawa lami ni ileile na mashimo ni yaleyale.

Mhandisi wetu siku hizo aliitwa Colin, mtu mpole aliyevaa fulana za sufu alizofumiwa na mkewe. Alikuwa akija na mchoro, anautandaza juu ya boneti, anatueleza kwa upendo. Kwake barabara ilikuwa jambo la mantiki: ina mwanzo, ina mwisho, na vyote viwili vinaweza kuboreshwa. Alipomaliza na mwanzo, akageukia mwisho.

Na mwishoni ndiko alikokaa Mama Furaha.

Alikuwa mjane wa Bukavu aliyefika Birmingham na watoto na sufuria. Kwenye vile vibanda vya maduka vya Shard End, mkabala na raundabauti barabara ilikokomea, alifungua mkahawa. Aliupa jina kwa Kiingereza, nasi tukiuita kwa lugha yetu, Mwisho wa Barabara. Wateja wake walikuwa madereva wa malori waliokuwa wakielekea kwenye viwanda vilivyo mbele kidogo. Alikuwa akiwapa mayai na viazi kwa sababu ndivyo walivyotaka, na akiwawekea pembeni vitu vya duara vya kukaanga kwa sababu ndivyo alivyotaka yeye. Mimi nikiviita mahamri, yeye akiviita beignets, Fundi Gurdev akivila tu.

Gengi letu, yaani Fundi, mimi na dereva wetu, lilikuwa na desturi, na natumaini mnaitunza: chai hunywewa ncha ya barabara, kazi ikishafika mwisho, si kabla. Kwa hiyo kwa Mama Furaha tulikuwa wenyeji. Tukikaa mezani, Kiswahili chake kikipanda na kushuka milima ya Kivu, changu kikitoka pwani, cha Fundi kikitoka chini ya gari bovu, na tukielewana kuliko nilivyowahi kuelewana na watoto wa dada yangu, ambao ukiwauliza kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza bila hata kupepesa macho.

Colin alipotandaza mchoro wa pili, mambo yakawa haya. Kabla ya kufika Shard End kuna njia panda. Barabara yetu ilikuwa ikishika kushoto, inapita madukani na kukomea kwa Mama Furaha. Sasa ilikuwa imejengwa barabara mpya upande wa kulia, nyuma ya vishamba vya mboga, inayofika viwandani bila kupita madukani. Namba ya barabara yetu ingehamia huko na mwisho wake ungekuwa raundabauti mpya ya viwandani. Sisi tulitakiwa tusimamishe bodi mpya njia panda, ielekeze malori kulia, kisha tung'oe ile ya zamani iliyoelekeza kushoto, pamoja na kibao kidogo chenye namba kilichosimama mbele ya mkahawa.

Habari zilimfikia Mama Furaha kabla yetu. Siku hiyo chai aliileta mwenyewe na akaketi nasi.

"Dada Halima, banasema route inahama. Njo kweli?"

"Kweli, mama. Mwisho unasogezwa."

"Mwisho wangu?"

"Mwisho wa barabara."

"Njo wangu huo," akasema. "Batu ya hapa habanywake chai yangu. Benye kunywa ni ba chauffeur. Bakipita kule, mi nitapikia nani? Na batoto bangu, batakula nini?"

Akanishika mkono.

"Ile bodi, dada. Iache tu. Jisahaulishe."

Nikamtazama Fundi Gurdev. Alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Mama, karatasi nakuja, mimi natoa," akasema taratibu. "Lakini mpya kwanza nasimama. Ile ndiyo sheria."

Basi tukaenda kusimamisha mpya. Tukachimba shimo la nguzo pale Colin alipoweka msalaba, tukakuta bomba la gesi. Colin akasikitika, akaenda kuchora upya. Msalaba wa pili ukatuangusha juu ya nyaya za simu. Alipopata mahali pasipo na kitu ila udongo, bodi iliyokwisha tengenezwa ikawa imepitwa na wakati, kwa kuwa ofisi nyingine ilikuwa imebadili namba ya barabara inayotajwa chini yake. Ikarudi Hockley kutiwa kiraka kabla hata haijawahi kusimama. Huko Moseley, kwa wenye nazo, ukipanda nguzo mbele ya yale majumba ya kizamani, zege halijakauka wenyeji wameshaandika kwa diwani. Shard End hakuna aliyeandika. Bomba la gesi ndilo lililopinga kwa niaba yao.

Muda wote huo bodi ya zamani ilibaki imesimama, malori yakashika kushoto kama kawaida, na Mama Furaha akaniona mimi ndiye malaika. Sahani yangu ikaanza kuja na beignets za ziada.

"Mama, mimi sijafanya kitu," nikamwambia. "Ni bomba la gesi."

"Bomba ya gesi, oui," akasema, akanikonyeza. "Minajua weye. Unafanyaka kazi ya Mungu kimyakimya."

Nilimweleza mara nyingi. Nilimchorea bomba kwa kidole mezani. Kila nilivyokana ndivyo alivyozidi kuamini, maana mtu mwema kweli hajisifu. Niliona haya sana, na niliendelea kula.

Asubuhi moja ya vuli bodi mpya ikasimama. Fundi Gurdev aliipima kwa timazi, akarudi nyuma, akaipima tena, na mimi nikajua anapoteza muda, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya. Karatasi ya kung'oa ilikuwa mfukoni mwake. Tukaondoa bodi ya njia panda. Kisha tukaenda Shard End kwa kile kibao cha mbele ya mkahawa.

Mama Furaha alitoka na chai kama siku zote. Kikombe cha Fundi alimkabidhi mkononi, cha dereva wetu akamkabidhi mkononi. Changu alikiweka juu ya ukuta.

"Nilizania weye njo ulikuwa unaishikilia," akasema.

"Nilikwambia, mama. Lilikuwa bomba."

"Ulisema."

Nimepigiwa honi na kutukanwa na madereva wa kila kabila, na hakuna kilichoniuma kama lile neno moja. Nilikuwa nimepewa shukrani ya kitu nisichokifanya, na sasa nilikuwa nikinyang'anywa, na kunyang'anywa kuliniuma kana kwamba kilikuwa changu.

Kibao kilipolala chini akauliza kama anaweza kupewa. Fundi Gurdev akatikisa kichwa. Kila bodi tuliyong'oa ilikuwa ikirudi halmashauri na kuhesabiwa. Lakini akapiga magoti, akachukua patasi, akakata vichwa vya ribiti na kubandua kile kiraka chenye namba.

"Bodi iko ya council," akasema. "Kiraka hapana andikwa kwa karatasi. Chukua, mama."

Mkahawa haukufika majira ya joto. Nilikuwa nikipita nikiwa na kazi nyingine upande ule, na kila nikipita meza zilikuwa zimepungua watu, hadi siku nilipokuta mlango umefungwa na kioo kimepakwa chokaa kwa ndani. Dereva wetu akauliza tutakunywa wapi chai, nikamwambia leo hatunywi.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baadaye tulipelekwa kusafisha bodi za ile barabara mpya, na pale kwenye uwanja mdogo wa kuegesha malori, kabla ya raundabauti ya viwandani, niliona karavani nyeupe yenye dirisha la kuuzia. Juu ya dirisha kulikuwa na jina lilelile, na pembeni yake, kwa skrubu za jikoni, kile kiraka chenye namba. Malori yalikuwa yamejipanga.

Mama Furaha alinitazama kutoka juu, mkono umejaa unga.

"Dada Halima. Barabara ilihama, na mi nikahama. Sasa unataka chai ao unakuja kunitosha na hapa tena?"

Nikanywa chai. Nikalipa, naye akapokea. Beignet ya ziada haikuwapo.

Fundi Gurdev alistaafu baada ya hapo, akaniachia kile kipanguzio cha mpira kilicholika upande mmoja kwa kidole gumba chake. Mnakijua, ni kile mnachotumia kukwangulia barafu kwenye kioo cha gari, na nimewasamehe. Gengi likawa langu. Colin naye akahamia mji mwingine kuboresha miisho ya huko.

Na barabara yetu ikarudi. Msicheke. Wakubwa walikaa wakaona ile barabara mpya ya nyuma ya vishamba inafaa kuwa kipande cha barabara nyingine kabisa, inayotoka upande wa barabara kuu ya mwendokasi. Kwa hiyo barabara yetu ikarudishiwa mwisho wake wa zamani, Shard End. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nikaletewa amri: rudisha bodi ya kushoto njia panda, rudisha na kibao Shard End, mbele ya ulipokuwa mkahawa, ambapo wakati huo palikuwa pa kuchezea kamari. Bodi ya kulia, inayopeleka malori kwa Mama Furaha, itang'olewa, ilisema amri, kwa karatasi tofauti itakayofuata.

Niliisoma ile amri nikiwa nimeketi garini, kisha nikaisoma tena. Mwanamke yule alikuwa ameshahama bara, ameshahama mji, ameshahama duka. Magoti yake yalikuwa yamechakaa na karavani ile haikuwa tena na magurudumu ya maana. Bodi ya kulia ikiondoka, hapakuwa na mwisho mwingine wa kuufuata.

Tukasimamisha ya kushoto. Hakuna bomba lililojitokeza, mambo yalikwenda vizuri kiasi cha kukasirisha. Mwisho wa wiki mhandisi mpya akanipigia simu kuuliza kama kazi imekwisha.

"Kazi ya karatasi uliyonipa imekwisha," nikamjibu.

Akashukuru. Mimi nilikuwa na sheria mbili, na ya pili ilisema karatasi haijaja, mkono uko mfukoni. Sikuuliza ile karatasi tofauti iko wapi. Mwezi ukapita, idara yao ikaunganishwa na nyingine, kisha ikatenganishwa, mhandisi mpya akawa wa zamani, na mimi sikuuliza. Nilihudhuria mikutano ambayo mwishoni wanasema, je, kuna mwenye lolote? Nikanyamaza kama maji ya mtungini.

Ndiyo maana mpaka leo mkisimama kwenye ile njia panda mtaona bodi mbili zenye namba ileile, moja ikielekeza kushoto na nyingine kulia. Hakuna aliyelalamika, maana njia zote mbili zinafika viwandani na madereva hudhani ni hisani. Vile vifaa vya garini vinavyoongea kuelekeza njia huchanganyikiwa kidogo, lakini vile vimezoea.

Mama Furaha hajui. Kila nilipokwenda aliniuzia chai kwa bei ya watu wote na kunikumbusha, mbele ya madereva, jinsi nilivyomng'olea kibao. Aliponishukuru sikuwa nimefanya kitu. Nilipofanya, nililipishwa mpaka sukari. Sijawahi kunywa chai tamu zaidi.

Sasa gengi ni lenu, na siku moja ile karatasi itaangukia mikononi mwenu, maana ofisini hakuna kinachopotea, huchelewa tu. Siwaambii mvunje amri. Lakini bodi ya zamani haishuki mpaka mpya isimame, kwa hiyo nendeni kwanza mkaipime ile ya kushoto kwa timazi. Kisha mwende ncha ya barabara, ile ya kulia, mnywe chai yenu taratibu kama desturi inavyotaka. Mkimaliza, rudini mkaipime tena. Chai mlipe. Na Mama Furaha akiwauliza kwa nini bodi yake bado imesimama, mwambieni ni bomba la gesi.